Koti la Ukweni

Ukimwona mtu mzima anatembea na chupa ya maji kila aendako, hata kanisani, usimcheke kwanza. Huenda ni mimi. Watu wa Katoro walinibandika jina la Baba Chupa, nami nimelipokea, maana najua nilikotoka.

Naandika haya kwa wale walioangushwa na joto kazini, na kwa wale watakaoangushwa, kwa sababu nilipokuwa kitandani sikumpata mtu wa kuniambia kitakachofuata. Waliojaribu kuniambia sikuwaamini. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa shaka. Nimefanya kazi kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Geita, na huko mtu akikuchekea unashika mfuko wako kwanza. Shaka hiyo imeniokoa mara nyingi. Safari moja ilikaribia kumuua mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwanzo wa mvua. Mke wangu Minza alinikumbusha kwamba baba yake hayupo tena na mama yake kule Didia hana wa kumlimia. Kwetu Wasukuma, mkwe akienda kulima ukweni haendi mikono mitupu wala peke yake. Nilimchukua Minza na wenzangu wanne wa duarani, tukapanda lori usiku kucha, na asubuhi tukawa shambani. Siku ya namna hiyo hailimwi tu. Mnapimwa. Majirani wanapita wakijifanya wanatafuta ng'ombe, kumbe wanatazama huyo mkwe jembe lake linaingiaje ardhini.

Mimi nilikuwa nimevaa koti. Lilikuwa la sufu, zito, lenye vifungo vikubwa, nililinunua gulioni Katoro kwa ajili ya safari ile. Mkwe hasimami kifua wazi mbele ya mama wa mkewe, na shati langu lilikuwa na tundu mgongoni. Nikafunga vifungo vyote.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na jua lilipotoka ardhi ikaanza kufuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Tuligawana ngwe, kila mtu na kipande chake, wimbo ukaanza, majembe yakafuata wimbo. Mama mkwe alikuwa ameketi chini ya mgunga, pembeni mwa shamba, mtungi wa maji kando yake. Wenzangu walikwenda pale mmoja mmoja, wakanywa, wakarudi. Mimi ningekwendaje? Mkwe hamsogelei mama mkwe, wala hafungui kinywa mbele yake kula au kunywa. Minza aliona hali yangu, akachota maji kwa kata akaniletea hadi kwenye tuta. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba arudi. Mama yake alikuwa anatazama.

Baadaye jasho likakata. Nilifurahi, nikidhani mwili umezoea. Nikasikia baridi, vinyweleo vikasimama, na wimbo wa wenzangu ukawa unatoka mbali sana, kama unaimbwa shamba la pili. Kilichofuata nilisimuliwa. Wanasema nilianza kulima ngwe ya mtu mwingine, nikicheka, halafu nikaenda chini kifudifudi juu ya jembe langu.

Niliamka katika hospitali kubwa ya Mwanza, mpira wa mkojo ukining'inia kando ya kitanda. Mkojo ulikuwa kidogo, rangi ya kahawa isiyo na maziwa. Kisha ukakoma kabisa. Daktari alisema figo zimegoma, na mengine aliyoyasema nawaachia wenye kazi yao. Mimi nitasema niliyoyaona. Miguu yangu ilivimba mpaka ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale, likikutazama. Uso ulijaa hata macho yakawa michirizi. Mtoto wangu Masanja aliletwa kuniona, akamuuliza mama yake yule ni nani.

Na walininyima maji. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Mtu ameangushwa na kiu, halafu anapewa kikombe kidogo asubuhi na kingine jioni! Nesi aliyekuwa na zamu, Sista Veronika, alikuwa mnene, mpole, na kwa hiyo nilimshuku zaidi ya wote.

"Sista, nani amekwambia uninyime maji?"

"Figo zako, Baba Masanja. Hazitoi. Nikikujaza utazama kitandani hapo hapo."

Sikumwamini. Nilifuatilia kwa macho kila gudulia lililopita wodini. Lakini yule Sista alifanya jambo moja ambalo sitalisahau: alilowesha kitambaa kwa maji baridi, akanifundisha kukishika kati ya midomo bila kumeza. Kwa mtu mwenye afya hilo si kitu. Wewe uliyelala sasa hivi wodini na ulimi umeganda kwenye kaakaa, mwombe nesi wako kitambaa.

Kaka yangu Luhende alifika kutoka Geita siku za mwanzo. Baba yetu alifariki nikiwa mdogo, Luhende ndiye aliyenilea, na mbele yake nimekuwa mtoto siku zote. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Shija. Wewe unapiga moko, nyundo juu ya patasi, chini ya mwamba, kwenye joto ambalo chuma kinakuunguza mkono. Umepiga miaka. Leo jua la Didia ndilo likuangushe?"

"Ndivyo wanavyosema, kaka."

"Wanaosema ni akina nani? Wenzako wanne walilima jua hilo hilo. Wako wazima, wanakula ugali. Asubuhi ile ulikula nini?"

"Uji."

"Uji wa nani?"

Uji ulitoka jikoni kwa mama mkwe, Minza akauleta nyuma ya nyumba nikanywa peke yangu, kama heshima inavyotaka. Wenzangu walikula viazi. Wazo liliingia kichwani likakaa, na kusema kweli lilikuwa limeshabisha hodi kabla Luhende hajafika.

Kaka alikwenda kwa mganga, akarudi na jibu alilolitaka. Mganga ameona mwanamke mtu mzima, macho mekundu, ameketi karibu na maji. Macho mekundu! Mama yupi wa Didia, aliyepikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, asiye na macho mekundu? Leo nasema hivyo. Siku ile nilitingisha kichwa.

Habari ilifika Didia kabla ya barua yoyote. Wazee wa kijiji wakasema hawatamgusa mama yule mpaka mgonjwa mwenyewe atamke. Nikipona na kusema uji ndio ulioniangusha, ataondoka. Kila mtu alijua kuondoka kuna namna zake. Msimu uliopita, kijiji cha jirani, bibi mmoja aliyetajwa uchawi hivyo hivyo alikutwa amekatwa mapanga mlangoni kwake. Neno langu likawa linasubiriwa, na mimi nimelala Mwanza nikihesabu vikombe vya maji.

Luhende aliweka sheria pale wodini: kila chakula anacholeta Minza, kwanza aonje yeye mbele ya macho yangu. Minza hakubisha. Alikuwa analala sakafuni chini ya kitanda changu kwenye kanga mbili, anaamka alfajiri kupika kwenye mabanda ya nyuma ya hospitali, anarudi, anachota kijiko cha kwanza na kula. Mimi nilikuwa natazama koo lake mpaka limeze. Ndipo nilipokuwa nakula. Tuliishi hivyo wiki nyingi, na katika wiki hizo hatukuzungumza jambo lolote la maana.

Katikati ya hayo akaja mgeni. Bi. Anastazia alikuwa mtafiti kutoka chuoni Dar es Salaam, mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa akizunguka kwenye vinu vya pamba na machimbo akipima joto la watu wanaofanya kazi. Alisikia kuna mchimbaji aliyeangushwa na joto shambani. Alitaka kuuliza maswali, majibu akayaingize kwenye kompyuta, na kompyuta itafuata hesabu ya mwili wangu siku ile, dakika kwa dakika, ione nini kiliniangusha. Mimi nilisikia neno moja tu: itaona. Nikajua tumepata mganga wa pili, huyu wa umeme.

Alimwamkia kaka, "Shikamoo," kaka akaitikia, "Marahaba," na tangu hapo maswali yote yakajibiwa na kaka. Ndiyo desturi. Mgonjwa hana kinywa mkubwa wake akiwepo.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Nguo za kazi. Shati."

"Maji yalikuwepo?"

"Mtungi mzima. Wenzake wote walikunywa."

"Alipumzika?"

"Kama wenzake."

Luhende hakuwahi kukanyaga shamba lile. Nilitaka kusema, lakini ningemkosoaje kaka yangu mbele ya mtoto wa watu mwenye kalamu? Tena nilikuwa namshuku mwenyewe. Kwa nini aulize nguo zangu? Nguo za mtu hutafutwa na wenye nia mbaya. Nikafumba macho nikajifanya nimesinzia.

Mvua kubwa zilinyesha na kukatika nikiwa bado Mwanza. Mkojo ulirudi siku moja ghafla, mwingi, hata Sista Veronika akapiga vigelegele, na wodi nzima ya wanaume ikapiga makofi kwa ajili ya kojo la mwenzao. Nilifurahi kuliko siku niliyoona dhahabu yangu ya kwanza. Niliruhusiwa kulala kwa binamu yangu pale mjini, nikawa narudi kliniki kila wiki kupimwa damu. Mwenzangu, jiandae kwa mabenchi. Utakaa ubavuni mwa watu ambao wiki ijayo hutawaona, na hutauliza wamekwenda wapi. Ngozi yangu ilibambuka mikononi. Mapaja yakawa membamba kama ya mwanafunzi. Mimi niliyekuwa napandisha gunia la mawe kwa kamba, ndoo nusu ilinishinda. Nikisimama uani juani kidogo tu, ile baridi ya Didia inarudi mgongoni, na narudi ndani haraka nikishika ukuta.

Pamba ilipoanza kupasuka mashambani, Bi. Anastazia akarudi na kutuita. Tulikwenda mimi, Luhende na Minza. Mashine ilikuwa kwenye chumba cha ofisi moja pale mjini, na kabla ya kuingia tulisubirishwa nje kwenye ukuta unaochomwa na jua. Mlango ulipofunguliwa nikaona feni mbili, zote zimeelekezwa kwenye kompyuta.

"Hizo ni za nani?" nikauliza.

"Za mashine," akasema Bi. Anastazia. "Ikipata joto inazima."

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Kumbe hata yenyewe inaangushwa! Nikaivutia kiti karibu, nipate upepo wa kuazima. Ilikuwa kama televisheni ndogo, maandishi ya kijani juu ya weusi. Alibonyeza, ikawaza, ukatokea mstari uliopanda taratibu kisha ukalala.

"Mstari huu ni joto la ndani ya mwili wako," akasema. Alionekana hana raha. "Baba Masanja, kwa maelezo niliyopewa, hukupaswa kuanguka. Ungechoka, basi. Hapa inaonyesha umemaliza ngwe yako umekwenda nyumbani."

Luhende alipiga goti lake kwa kiganja. "Umesikia? Hata mashine imesema! Jua halikumwangusha." Akasimama. "Twende, Shija. Jumamosi tuko Didia."

Nilimtazama Minza. Hakulia. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono miwili, anautazama ule mstari wa kijani kama mtu anayemtazama nyoka ndani ya nyumba. Wakati ule kitu kilinichoma. Mimi ninayemshuku kila mtu, mbona jibu hili nililipokea bila kuuliza limetoka wapi? Mashine imeambiwa nini, na nani aliyeiambia?

"Bibi," nikasema, "humo ndani nimevaa nini?"

"Shati jepesi."

"Na maji?"

"Nimeweka kwamba ulikunywa kama wenzako."

Luhende akasema, "Shija, tumemaliza."

"Kaka," nikasema, "wewe hukuwepo."

Nikamgeukia Bi. Anastazia. Nikamwambia habari ya koti: sufu, vifungo vyote, jua zima. Nikamwambia habari ya maji, kwamba tangu tuteremke kwenye lori nilikunywa bakuli moja la uji na basi, kwamba mke wangu aliniletea kata nikaikataa. Nikamwambia sikupumzika, maana wenzangu walipumzika wanapokwenda kunywa na mimi sikwenda. Bi. Anastazia alibonyeza. Mstari ukapanda. Ukapanda tena, ukavuka alama aliyosema mtu haipiti akabaki wima, na ulivuka kabla ya saa sita, wakati ule ule ambao wenzangu wanasema nilianza kucheka.

Mnafikiri niliamini? Nilimgeuzia kibao. "Nivue koti." Akanivua, mstari ukashuka kidogo, lakini bado ukavuka. "Nirudishie koti, nipe maji." Ukachelewa. "Nivue na uninyweshe." Ukalala. Nikamfanyia hivyo mpaka akaanza kutabasamu.

"Na mama mkwe," nikauliza mwisho, "yeye umemweka wapi?"

"Hana pa kuwekwa. Kuna jua, unyevu, koti, jembe na kiu."

"Kwa hiyo unasema uji ule haukuwa na kitu?"

Alivua miwani akaifuta. "Sisemi hivyo. Mashine haijui kilichokuwemo kwenye uji. Inachosema ni kwamba hakikuhitajika kitu. Hivi vitano vilitosha kukuangusha, hata kama uji ungepikwa na Sista wa hospitali."

Hapo ndipo nilipomwamini, maana mwongo angesema zaidi.

Luhende alitoka bila kuaga. Nilimkuta nje kwenye ukuta wa jua. "Umenivua nguo mbele ya mwanamke," akasema, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Kaka yangu aliyenilea hakusema nami mpaka msimu uliofuata, na hata leo tukikutana kuna kitu kati yetu ambacho hatukikanyagi.

Minza alitembea nyuma yangu mpaka karibu na nyumbani kwa binamu.

"Siku ya kwanza nilikwambia ni koti na kiu," akasema. "Hukunisikia. Kumbe ningekuwa natumia umeme ungenisikia."

Tulikwenda Didia sote wawili. Wazee walikutana, vijana wamesimama nyuma na fimbo zao, nikatamka kwamba niliangushwa na jua, koti langu na ubishi wa kutokunywa, na kwamba mama yule hana neno. Wengine walinung'unika. Mmoja aliuliza kama mashine ya Wazungu inajua mambo ya Didia. Nikamjibu kwamba haijui, ila mimi nilikuwepo. Neno la mgonjwa lilikuwa limesubiriwa, na lilipotoka hawakuwa na la kuongeza. Walitawanyika, wengine wakigeuka geuka kutazama nyuma.

Nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa chini ya mgunga ule ule, anapembua choroko, na mtungi uko kando yake. Amekonda kunishinda mimi niliyetoka hospitali. Miezi yote ile alikuwa amelala nyumbani humo peke yake, kila hatua inayopita nje akidhani ni ya mtu anayekuja na panga. Nilifanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Nilimsogelea, nikavua lile koti, nililolivaa tena kwa heshima ya wazee, nikalitandika chini nikaketi juu yake, na shati langu la tundu.

"Mayu," nikamwita, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma. "Shikamoo. Nina kiu."

Alichukua kata, akachota. Kabla ya kunipa, aliipeleka kinywani mwake, akanywa funda moja na kulimeza taratibu, huku amenikazia macho nione koo lake likishuka. Ndivyo mtu anavyomwonjea mgeni aliye na shaka naye. Kisha akaninyooshea.

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Nilipokea kwa mikono miwili nikanywa yote mbele yake, kinywa wazi, maji yakinimwagikia kifuani. Nikamrudishia kata.

"Naomba nyingine, mayu."

Alinitazama, akainama mtungini, akachota. Ile ya pili hakuionja.